Fiat 682, Scania 111 au Benzi 1113: lori kuukuu lipi la kubebea magogo?

Mpwa wangu kanitumia picha tatu kwa WhatsApp. Ya kwanza ni Fiat 682N3 iliyopandishwa juu ya vipande vya magogo nyuma ya gereji moja Makambako. Matairi yake yalishauzwa zamani. Ya pili ni Scania 111 ya pua, rangi ya chungwa iliyopauka hadi ikafanana na udongo wa Mufindi, na bado inatembea. Ya tatu ni Benzi 1113 iliyokuwa ikibeba bidhaa za duka la jumla kabla ya kuishia kwenye mkaa. Chini kaandika: "Shikamoo mjomba. Nataka la kutolea magogo shambani hadi kiwandani, na mara mojamoja kupeleka mbao Dar. Nichukue lipi?"

Nikamjibu: "Marahaba. Shamba lako liko juu ya kiwanda au chini yake?"

Hakunielewa. Akarudi kuniuliza lipi linavuta zaidi. Ndilo swali la kila anayenunua gari kubwa kuukuu: linavuta? Mimi nilianza utingo mwaka 1984, nikaingia ufundi baadaye, na katika malori yote niliyoyaona yamelala korongoni sikumbuki hata moja lililolala huko kwa kushindwa kupanda. Likishindwa kupanda linasimama. Utingo anaruka na kabari, mnakata majani na kuyatandaza barabarani, mnasubiri msaada huku mnasonga ugali. Likishindwa kushuka, hakuna wa kusonga.

Kwa hiyo haya malori matatu nitayapima kwa namna yanavyoshuka. Mengine yote, dizeli, spea, starehe ya kabini, nitayagusa, lakini yatakaa nyuma ya hilo.

Walipanda na mafuta, wakashuka na shaba

Baba yangu mkubwa aliendesha Fiat enzi za mafuta ya Zambia. Kwa vijana ambao hawakuisikia habari hii: tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ikajikuta imekatiwa. Petroli na dizeli ikabidi zitoke Dar es Salaam, nyingi zikiwa kwenye mapipa juu ya malori, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Wazungu wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, serikali mbili zikishirikiana na Waitaliano, na Fiat zikajaa barabarani. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, lilipoanza kazi mwaka 1968 ndipo mapipa yakapungua.

Ukimwuliza baba mkubwa jinsi walivyopanda mlima Kitonga na mapipa, alikuwa akijibu kwa sentensi mbili: "Polepole. Utingo anatembea kwa miguu pembeni." Ukimwuliza jinsi walivyoshuka na shaba ya Zambia kurudi Dar, aliweka kikombe chini kwanza. Shaba inadanganya macho. Vipande vimefunika nusu tu ya sakafu ya bodi, ukilitazama kwa mbali unadhani lori halina kitu, kumbe tani zote zipo. Kanuni yake ilikuwa moja: mlima ushuke kwa gia ile uliyoupandia, na kama una shaka, tumia iliyo chini yake. Gia uichague kileleni gari likiwa limesimama, kwa sababu ukishaanza kuteremka na mzigo hutapata nafasi ya pili ya kuchagua.

Magogo na nguzo za Mufindi ni shaba ya aina yake. Mafinga iko juu. Barabara ya kwenda Dar ikishapita Iringa na Ilula inajimwaga Kitonga, na huko chini Mahenge na Ruaha Mbuyuni hewa ni nyingine kabisa, mibuyu na joto na vitunguu pembeni mwa barabara. Anayetoa mbao kwetu kwenda pwani anashuka na mzigo, akipanda mara nyingi hana kitu. Hapo ndipo ulinganisho wetu unapoanzia.

Fiat 682N3

Fiat 682 ilianza kutoka mwaka 1952, na toleo la N3 ambalo wengi wetu tunalijua likaja 1962. Waitaliano waliipa jina la Mfalme wa Afrika, maana iliendelea kutengenezwa kwa ajili ya bara hili miaka mingi baada ya wao wenyewe kuhamia kwenye mapya. Usukani wake uko kulia hata kwa lililouzwa Italia, ambako watu huendesha upande wa kulia. Madereva wa milimani kule walitaka kukaa upande wa ukingo waone tairi linakanyaga wapi. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo dereva hukaa katikati ya barabara na anayekaa upande wa korongo ni utingo. Nimekaa hapo. Ukichungulia dirishani kwenye kona kali huoni barabara, unaona vilele vya miti.

Injini yake ina mitungi sita na lita 11 na nusu hivi, haina turubo, na inatoa nguvu za farasi wapatao 180. Kwa lori la tani zile ni nguvu ndogo, na kupanda nalo ni kazi ya mtu mwenye subira. Lakini geuza upande. Ukiondoa mguu kwenye mafuta ukiwa gia ndogo, mitungi mikubwa kiasi hicho inageuka kuwa pampu inayokataa kuzungushwa. Injini inanguruma, gari linatembea mwendo wa mtu anayewahi sokoni, na mguu wa breki unapumzika. Wazee waliipenda Fiat kwa hilo, hata kama wakisimulia huwa wanasema waliipenda kwa ugumu wake.

Sasa mabaya, nayo si machache. Kabini haiinuki. Injini imekaa katikati ya dereva na utingo chini ya kifuniko, na ukitaka kurekebisha valvu unaifanyia kazi mle mle ndani, umepiga magoti kitini kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Joto lake bondeni halisemeki. Hata hivyo Juni kule Mufindi, asubuhi nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, kifuniko kile kilikuwa kitanda. Tulikunja blanketi juu yake, tukafunga viazi kwenye karatasi ya bati na kuvipachika karibu na bomba la moshi, vikaiva kabla ya kufika geti la msitu. Mpaka leo nikisikia harufu ya dizeli na sufu kwa pamoja nashikwa na usingizi.

Breki ni za upepo, lakini zile za zamani zina mkondo mmoja tu. Mpira mmoja ukipasuka, upepo wote umekwenda, na kinachobaki ni breki ya mkono na gia uliyoichagua kule juu. Hakuna springi ya kuyabana magurudumu yenyewe upepo ukiisha. Hiyo ndiyo sababu utingo wa Fiat alilala na kabari yake, na ndiyo sababu baba mkubwa alikuwa na neno moja kuhusu dereva anayeshuka na fri, bila gia, ili kubana dizeli. Neno lenyewe siliandiki hapa.

Spea huzikuti dukani. Zinatoka kwenye Fiat nyingine iliyokufa, kwa hiyo anayenunua Fiat moja itembee ajue ananunua mbili. Ya Makambako, isiyo na matairi na ambayo nadhani haina hata pampu ya nozeli, si gari tena. Ni ghala la mtu mwenye Fiat.

Scania 111

Hii ilitengenezwa kuanzia 1974 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikifuata 110. Kabla ya kuuliza bei, soma herufi kwenye kibao. L ni ya pua, LB haina pua. LS ina ekseli mbili nyuma lakini inayovuta ni moja. LT ina ekseli mbili nyuma na zote zinavuta, ile tunayoita dabo difu. Kwa msituni tofauti ya herufi moja ni tofauti ya kutoka au kulala huko. L tupu kwenye udongo mwekundu uliolowa inazungusha tairi mpaka inajichimbia kaburi. LT ukiifunga loki ya difu inapita, kwa kelele, lakini inapita.

Injini ni lita 11 zenye turubo, farasi karibu 300, na ukoo huo wa injini uliendelea hadi kwenye 112 na 113. Si kila spea inaingiliana, ila fundi aliyefungua 113 hatashangaa akifungua hii. Jambo jingine, Scania zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa, kiwanda cha TAMCO Kibaha, na kizazi kizima cha mafundi kilikulia mikononi mwake. Mafinga hukosi mtu wa Scania hata usiku wa manane.

Bonet yake inaangukia mbele nzima. Unapanda juu ya tairi na injini yote iko mbele yako, pande zote mbili. Aliyewahi kubadilisha mpira wa redieta ndani ya Fiat saa nane usiku ataelewa kwa nini nilitokwa machozi mara ya kwanza nilipoiona bonet hiyo ikifunguka.

Kushuka: lita 11 zinashika kama za Fiat, na juu yake kuna breki ya ekzosi. Unaibonyeza, moshi unazibiwa njia, injini inakohoa na kukaza. Breki za magurudumu zina springi zinazobana zenyewe upepo ukipotea. Ukinipa mlima na mzigo na kuniambia nichague kati ya haya matatu, nitaichagua hii bila kufikiri.

Ila inamharibu dereva. Inavuta vizuri, usukani wake ni mwepesi, gia kumi, inafika kileleni haraka na aliyeiendesha hajachoka wala hajaogopa. Mwaka 1989 nilikuwa utingo kwenye 111 iliyobeba nguzo za umeme za mlingoti, yaani mkaratusi, kwenda Dar. Mwenye gari, simtaji, alikuwa ameongeza nguzo kadhaa zaidi ya zilizoandikwa kwenye karatasi. Dereva alikuwa mtu mzuri na mcheshi. Tulifika kichwani mwa Kitonga yeye akisimulia habari za harusi, na akaanza kushuka gia mbili juu ya aliyopaswa kutumia.

Kona ya kwanza alikanyaga breki kidogo. Ya pili akakanyaga zaidi. Kabla ya ya tatu niliisikia ile harufu, kama pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni. Ni laini za breki zinaungua. Akakanyaga klachi arudishe gia. Gia ilitoka, haikuingia. Sekunde kama tatu hivi tulikuwa hatuko kwenye gia yoyote, nguzo zinatusukuma, na habari ya harusi imekatika katikati ya sentensi. Akaona hawezi, akaliegemeza gari ukutani, upande wa mlima, bampa na ngazi ya mlango vikasaga mwamba kwa kelele ambayo bado naisikia mvua ya mawe ikipiga bati. Tulisimama. Niliruka na kabari nikaipachika, nikagundua nimeshuka upande wa dereva kwa kupita juu yake.

Gari halikuwa na kosa. Ngoma za breki zilipopoa tuliendelea kwa gia ya tatu hadi Mahenge, na hakuna aliyeuliza bibi harusi alitoka wapi.

Benzi 1113

Namba yake inajieleza: 11 ni tani za gari na mzigo kwa pamoja, 13 ni farasi 130. Wajerumani walianza kutoa Benzi hizi za pua fupi mwaka 1959, na injini ya 1113 ni ya lita 5.7, isiyo na turubo. Hakuna lori la rika lake ambalo ni rahisi kulitengeneza kama hili. Nozo, gasketi, pampu ya maji, vyote utavipata Iringa, na usipovipata jirani yako anavyo chini ya kitanda. Linakunywa kidogo. Ni jepesi, kwa hiyo linapita kwenye vijia vya shamba la mtu binafsi ambako Scania ingevunja daraja la miti.

Mimi nalipenda. Lakini lina mipaka, na mipaka yake haionekani kwa macho. Tupige hesabu. Gogo bichi la paini lenye urefu wa mita 3 na unene wa sentimita 40 lina uzito wa kilo 340 hivi, maana karibu nusu ya uzito wake ni maji. Magogo 18 ni tani 6, na hapo 1113 ya kawaida imeshiba. Tatizo ni kwamba magogo 18 hayajazi bodi. Mwenye mzigo anatazama, anaona nafasi, anasema ongeza matano, ongeza mengine matano. Injini italalamika lakini itaondoka. Kwenye mteremko ndipo lita 5.7 zinapoombwa kuzuia tani ambazo hazikuhesabiwa, nazo hazina ubavu huo.

Kingine ni breki. Za 1113 ni za mafuta zikisaidiwa na upepo. Ni laini na nzuri mjini. Ukizifanyisha kazi mfululizo mlimani, mafuta ya breki yanachemka, pedeli inakwenda chini kama imekanyaga uji, na ukiipampu inarudi nusu. Mafuta ya breki hunywa unyevu kadri yanavyozeeka na yakizeeka huchemka upesi. Kwa hiyo mwenye 1113 anayeshuka milima na hajabadilisha mafuta ya breki tangu anunue gari, anasafiri kwa dua.

Wapakizi nao waulizwe

Ulinganisho wa malori huandikwa na madereva na mafundi. Wapakizi hawaulizwi, wakati wao ndio walioyajua kwa mabega. Hakukuwa na mashine ya kunyanyua kwa watu wadogo. Unaegemeza miti miwili imara ubavuni mwa lori, unaviringisha gogo juu yake kwa mitaimbo na kamba, watu wanne chini, wawili juu wakivuta. Kila sentimita ya urefu wa bodi ni jasho. Mzee mmoja wa Kihehe aliyepakia miaka mingi, ukimsalimu "kamwene" anakuitikia na kuanza kulaani Scania LT papo hapo: bodi yake ilikuwa juu mno, na gogo la mwisho ukilisukuma liko usawa wa uso wako. Fiat ilikuwa afadhali kidogo. Benzi walikuwa wakiigombea asubuhi.

Chunga pia vyuma vya pembeni vinavyozuia magogo yasimwagike. Kwenye malori kuukuu mengi vimechomelewa na mtu ambaye hakufikiria kushusha. Pini ya kuviachia inatakiwa ivutwe ukiwa upande wa pili wa lori. Ukikuta ya kuvutwa ukiwa umesimama pale pale magogo yatakapoangukia, hiyo ibadilishwe kabla ya safari ya kwanza, usingoje ya pili.

Maji kwenye breki

Kule British Columbia, Kanada, wakata miti walikuwa na malori makubwa mno ya Hayes na Pacific, yote yakitengenezwa eneo la Vancouver kwa ajili ya barabara za msituni ambazo hazina mizani wala polisi. Nyuma ya kabini yalikuwa na tangi la maji, na mabomba membamba hadi kwenye kila ngoma ya breki. Dereva alifungua maji kabla ya kuanza kuteremka, yakadondoka taratibu njia nzima, lori likishuka limezungukwa na mvuke.

Neno la kushika hapo ni kabla. Vijana wetu hufanya kinyume: wanashuka kavu, ngoma inakuwa nyekundu, wanasimama chini ya mlima na kumwagia ndoo. Ngoma ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inapasuka, saa nyingine ufa mwembamba usiouona mpaka siku unaachia. Ukiona ngoma ya breki ya lori la mtumba ina nyufa nyingi kama udongo wa mbuga, jua historia yake.

Yaliyobaki

Leyland na Albion za Waingereza zilifanya kazi nzuri kwenye njia ile ile ya Zambia, lakini leo spea zake ni hadithi. Nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kinyume, nimeona vijana wenye nguvu wakivunja stadi nne kabla mtu mzima hajafika. Bedford ni ya mizigo ya kawaida, si magogo. Isuzu TX ya pua, ambayo wenzetu Wakenya wanaipenda kama ng'ombe wa maziwa, ni gumu na rahisi, ila yote niliyosema kuhusu 1113 yanalihusu.

Najua wapo watakaosema mwambie anunue Fuso. Sawa. Mpwa wangu hana hela ya Fuso, na mimi sikuulizwa kuhusu Fuso.

Kuhusu mizani: kwa sheria ya Afrika Mashariki ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli moja yenye tairi nne tani 10, na ekseli pacha tani 18. Kwa hiyo Fiat au L tupu ni tani 18 kwa jumla, LT ni 26, gari likiwamo. Toa uzito wa gari lenyewe ndipo ujue mzigo wako. Watu wa mizani hawasikilizi kwamba magogo yalilowa mvua.

Kabla hujalipa

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gari lililopashwa moto kabla ya mteja huwa lina siri. Likiwaka, fungua kifuniko cha kumiminia oili: moshi mwepesi ni umri, moshi unaotoka kwa pumzi kama treni ni ringi zimekwisha, utashusha injini ndani ya miezi michache.

Kisha jaza upepo mpaka geji ifike baa 7, zima injini, mtu akanyage pedeli ya breki na kuishikilia. Subiri dakika 10 bila kupiga soga. Sikiliza. Sindano ikishuka kidogo ni vifungio, utatafuta na sabuni ya povu. Ikianguka, usisogeze gari hilo hata kwenda kulipiga picha. Hii ni kwa Fiat na Scania. Kwa 1113 kanyaga pedeli kwa nguvu ukihesabu hadi 60, ikizama polepole silinda kuu imekufa.

Ingia chini. Chesisi ya lori la magogo hupasuka nyuma kidogo ya kabini na pale springi za nyuma zinapofungwa. Kuchomelewa si dhambi, kuchomelewa na kupakwa rangi mpya pale tu ndiyo dhambi. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na jina la kwenye kadi liwe la mtu aliye hai anayeweza kuja kusaini. Nimeona watu wakinunua lori zuri lenye kadi ya marehemu.

Mpwa alinijibu jioni yake. Shamba liko juu, kiwanda kiko bondeni, kilomita kama 12 za udongo, mteremko karibu njia nzima. Nikamwambia basi ni Scania, kwa masharti mawili: iwe LT, na ipite jaribio la upepo. Ikiwa L tupu au upepo hausimami, achukue Benzi, abadilishe mafuta ya breki siku hiyo hiyo, apakie magogo 15, na aende mara mbili badala ya mara moja. Dar asahau, mbao za Dar atalipia nafasi kwenye gari la mtu.

Kesho yake saa mbili asubuhi zikaingia picha. Ya kwanza kibao: LT. Nikafurahi. Ya pili geji ya upepo, sindano kwenye 7. Ya tatu geji ile ile, dakika 10 baadaye, sindano iko chini ya 3. Nikaanza kumwandikia habari za povu la sabuni na valvu, lakini ujumbe wake ukanitangulia: "Mjomba, muuzaji anasema ndivyo ilivyo siku zote na haijawahi kumletea shida. Niko kwenye bodaboda naenda kwa mwenye Benzi."